Nyuki Wasiojua Sukari

Zamani mtu aliyekuja kununua asali alikuja na chupa yake na adabu yake. Siku hizi anakuja na kiberiti.

Aliyekuja siku hiyo alikuwa bwana wa makamo, mwenye funguo za gari kidoleni na kitambi kilichotangulia kuingia mlangoni. Salamu yake aliitupa tu, kama mtu anayetupa ganda. Alichukua chupa ya asali juu ya benchi la seremala, akaifungua, akachovya kichwa cha njiti, akaiwasha. Njiti ikatoa cheche moja ya aibu, ikazimika.

"Umeona?" akasema. "Haiwaki. Asali ya kweli inawaka."

"Haiwaki kwa sababu umeilowesha," mzee akamjibu. "Ichovye kwenye chai uone kama itawaka. Ichovye kwenye uji."

"Na huku chini imeganda. Sasa hii si sukari hii?"

"Asali huganda, bwana. Nyingine huganda mapema, nyingine huchelewa, inategemea nyuki walikwenda kwenye maua gani. Itie chupa kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka yenyewe."

"Mimi nimeona kwenye simu kwamba..."

"Basi kanunue asali kwenye simu!"

Yule bwana akaondoka akiguna. Mke wa mzee, aliyekuwa jikoni, akauliza kupitia dirishani bila hata kuchungulia: "Umemfukuza mwingine?"

"Amejifukuza mwenyewe."

"Haya, Mzee Taratibu," akasema mkewe, akacheka peke yake.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Mtaa mzima ulimwita mumewe Mzee Taratibu, kwa kuwa kila alipofungua mizinga yake alikuwa akiwaambia waliosimama karibu, "Taratibu, taratibu jamani," na yeye mwenyewe alipeleka mikono kama mtu aliye ndani ya maji. Kwa nyuki hakuwahi kuwa na haraka maishani mwake. Kwa binadamu, hata kusubiri sentensi ifike mwisho kulimshinda.

Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa upande wa mbele wa nyumba, imetazama barabara. Nyuma, baada ya jiko na kamba ya kuanikia nguo, ndipo palipokuwa na mizinga mitatu ya masanduku aliyoipiga randa kwa mkono wake. Aliielekeza ukutani makusudi, ili nyuki wakitoka walazimike kupanda na kupita juu ya vichwa vya watu, wasimgonge mtu usoni. Kando aliweka beseni la maji lililojaa kokoto, nyuki wapate pa kusimama wakinywa, maana nyuki hajui kuogelea. Mtu aliyejipaka manukato hakuruhusiwa kupita kamba ya nguo. Mtu mwenye ndizi mbivu mkononi alifukuzwa kama mwizi, kwa sababu harufu ya ndizi inafanana na ile anayoitoa nyuki akishachoma, na wenzake wakiisikia huamini kwamba vita vimeanza.

Mzinga mkubwa, ule wa katikati, ulikuwa wa marehemu baba yake. Si sanduku, sanduku lilikuwa limeshabadilishwa mara kadhaa. Ni kundi. Malkia huzeeka na kurithiwa na binti yake, nyuki vibarua huishi wiki chache tu wakafa kazini, lakini kundi hubaki lile lile, kama ukoo unavyobaki ingawa babu hayupo. Lilikuwa kundi pole. Baba yake alikuwa akiwarina na kifua wazi, na mwana naye akawarina na kifua wazi, mpaka mkewe alipomwambia kwamba kifua chenyewe sasa si cha kuonyesha watu. Mizinga mingine miwili ilitokana na huo. Hakuwa na kitu kingine cha baba yake isipokuwa nyuki hao. Nyumba ya zamani iliuzwa, shamba ndugu waligombania mpaka likaisha. Akijua kwamba nyuki wapo, alijua kwamba bado kuna kitu hakijauzwa.

Kila asubuhi kabla ya chai aliweka sikio kwenye ubavu wa mzinga na kugonga kwa kidole. Kundi lenye afya hujibu kwa sauti moja, vuu! halafu likanyamaza, kama watu waliokatizwa mazungumzo na mgeni wasiyemtaka. Kundi lililofiwa na malkia halinyamazi. Huendelea kuguna kwa muda mrefu, sauti ya matanga. Wake walijibu vuu! wakanyamaza. Hapo ndipo aliweza kunywa chai.

Lakini mambo yalikuwa yameshaanza kuharibika. Miti iliyokuwa kandokando ya barabara, ambayo ikichanua mtaa wote ulikuwa ukinuka asali, ilikatwa barabara ipanuliwe. Jirani wa kushoto, ambaye baba yake alikuwa na bustani, alisakafia ua mzima kwa saruji mpaka ukutani, kisha akanunua pampu ya kupulizia mbu. Zamani mtu akitaka kupuliza dawa alikuja kwanza kubisha hodi: "Mzee, wafungie wanao kesho asubuhi." Huyu alipuliza saa nne, jua linawaka, nyuki wote wako kazini. Mzee Taratibu alipokwenda kumlalamikia, jirani alimtazama kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili.

"Mzee, hao ni wadudu."

"Na wewe je?"

Wakaachana hivyo.

Mwaka huo mvua ilinyesha kidogo tu, ikakata. Maua machache yaliyobaki yalikauka kabla hayajafunguka sawasawa. Mzee alipoinua mzinga mkubwa kidogo kwa nyuma, kwa mkono mmoja, ulinyanyuka mwepesi kama sanduku la nguo. Ndani hamkuwa na akiba. Nyuki walikuwa na njaa.

Sasa, njaa ya nyuki haikuwa jambo geni kwake. Baba yake alimfundisha kutokurina yote, na katika ile aliyorina atenge ndoo moja ya akiba, isiyouzwa wala kuonjwa, ya kuwarudishia wenyewe mwaka ukiwa mbaya. Ndoo hiyo ilikaa chini ya kitanda chake. Aliinama kuivuta, akakuta vumbi lenye alama ya duara.

"Mama! Ndoo yangu iko wapi?"

"Si alichukua mkweo? Ile siku ya ufunguzi wa duka. Ulikuwa umelala, nikamwambia asikuamshe."

"Asiniamshe! Mtu anaibiwa, na mkewe anasema asiamshwe!"

"Ameibaje na wewe ni mkwewe? Kasema atairudisha."

Mkwe huyo, mume wa binti yao wa pekee, alikuwa na duka la bidhaa za asili karibu na kituo cha mafuta, na kila mtu alimwita Meneja ingawa hakuwa na mfanyakazi hata mmoja. Mzee Taratibu alivaa kofia akaenda. Jambo la kwanza aliloliona rafuni lilikuwa uso wake mwenyewe. Uso wake, umechapwa kwenye karatasi ya dhahabu, umebandikwa kwenye makopo yaliyopangwa toka chini mpaka juu, na chini ya kidevu chake pameandikwa: ASALI YA MZEE TARATIBU.

"Shikamoo baba! Umeona chapa yetu?" Meneja akasema, meno yote nje.

"Marahaba. Hii asali ni yangu?"

"Jina ni lako, baba."

"Nimeuliza asali."

"Asali nakusanya kwa wafugaji. Huku na huku. Yako peke yake ingejaza makopo mangapi? Watu wanapenda sura, baba. Sura yako inaaminika."

"Nataka ndoo yangu."

"Ile imeshauzwa zamani. Ndiyo iliyotufungulia njia! Lakini chukua hii badala yake." Akaburuta debe kutoka nyuma ya pazia. "Asali ni asali."

Hapo mzee angeweza kugeuka akaenda zake. Alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Mtaalamu wa ufugaji wa nyuki wa eneo lile, dada mmoja aliyezunguka kwa pikipiki, na ambaye watu walimwita Bwana Nyuki kwa sababu cheo hicho walikizoea hivyo na hawakuona haja ya kukibadilisha, alikuwa amempitia mwanzoni mwa kiangazi na kumwambia: wakipungukiwa, chemsha maji, koroga sukari kiasi sawa na maji, acha ipoe, wawekee. Mzee alimsikiliza kwa heshima, na alipoondoka akatema mate kando.

Sukari! Maisha yake yote alikuwa akiapa mbele ya wateja kwamba nyuki wake hawaijui sukari. Aligombana na watu wazima kwa ajili ya kauli hiyo. Leo akawakorogee sukari kama anayekoroga chai ya msibani? Yule mwenye kiberiti naye apate neno?

Akafungua debe. Akachovya kidole, akafumba macho, akaonja kama alivyofundishwa, kwanza kwenye ncha ya ulimi, kisha kooni. Ilikuwa asali kweli. Nzito, ya rangi ya kahawa, yenye ukali kidogo mwishoni, maua ya mbali. Hakuna tone la maji wala chembe ya sukari. Katika hilo hakuna mtu ambaye angeweza kumdanganya.

"Hii angalau ni asali," akasema, akabeba debe.

Meneja akamsindikiza mpaka mlangoni akimshukuru kwa kumwelewa.

Nyuki waliipokea kwa furaha. Aliwawekea kwenye visahani juu ya viunzi, zile fremu za mbao zinazoshika masega, katika mizinga yote mitatu, na kufikia adhuhuri visahani vilikuwa vimelambwa vikang'aa. Mkewe aliyekuwa akianua nguo alisema sukari ingekuwa rahisi zaidi na isingemtia hasira.

"Mtoto wako ungemlisha maganda kwa sababu ni rahisi?"

"Mtoto wangu nilimlisha uji wenye sukari, na mpaka leo anakuja kukusalimu."

Mzee akageukia mzinga. Aliweka sikio kwenye mzinga. Vuu! Kimya. Akaingia ndani akiwa mtu mwenye amani, na amani hiyo ilidumu kiasi.

Kilichoanza ni harufu. Mkewe alikuwa wa kwanza kuilalamikia. Mzee Taratibu bado alitumia gundi ya zamani ya maseremala, ile ya ngozi na mifupa, inayochemshwa kwenye chungu; gundi nyeupe ya kopo aliiita maziwa. Na gundi hiyo ya kuchemsha, ikishakaa, hunuka.

"Jamani hicho chungu chako!" mkewe akasema asubuhi moja. "Kimwage. Nguo zote zinanuka gundi."

"Chungu kiko karakana, nguo ziko nyuma ya nyumba. Pua yako ina miguu?"

"Pua yangu ni nzima. Kimwage."

Siku kadhaa walitupiana maneno kuhusu chungu. Mke alinuna, mume alinuna zaidi. Mwishowe, ili amwonyeshe kwamba ni mwongo, alimshika mkono akamwingiza karakana: "Haya, nusa!" Chungu kilikuwa kimeangikwa msumarini, kimepinduliwa, kikavu, buibui ameshajenga ndani. Hakuwa amechemsha gundi tangu kazi ya meza za shule ilipokwisha. Wakatazamana.

"Sasa," mkewe akasema polepole, "harufu inatoka wapi?"

Mzee akatoka mbio, yeye ambaye hakimbii. Akazunguka nyuma, akainama kwenye mlango wa mzinga mkubwa, akanusa. Gundi. Akanusa wa pili. Gundi. Wa tatu, hivyo hivyo. Alikuwa amepita hapo kila asubuhi na pua iliyokaa na chungu hicho tangu ujana, isiyosikia tena.

Bwana Nyuki alifika kesho yake, pikipiki yake imejaa vumbi, amevaa vazi jeupe lililochanika kiwiko.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba binti. Nadhani ni nondo wa nta. Nondo tu."

Mzee akawasha bomba lake la moshi kwa taka za randa, akapuliza mlangoni mara chache, wakafungua. Akainua kiunzi cha katikati, kile kinachobeba majana, watoto wa nyuki ambao bado hawajaota mbawa. Sega la majana lenye afya hufunikwa kote sawasawa, rangi ya biskuti, kama sakafu iliyosakafiwa na fundi mzuri. Hili lilikuwa na mapengo kila mahali. Vifuniko vilivyobaki vilikuwa vyeusi, vimebonyea, vingine vimetobolewa. Dada akachukua kijiti, akakiingiza katika kitundu kimoja, akakivuta nje taratibu. Kikatoka na uzi wa kahawia, unaonata, unaonyumbulika kama ute, ukarefuka urefu wa kidole kabla haujakatika.

Akafanya hivyo katika mizinga yote mitatu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Si nondo, mzee. Majana yanaoza. Uliwalisha nini?"

"Asali."

"Yako?"

Mzee alitazama ukuta wa jirani.

"Ya dukani," mkewe akasema. "Sema tu. Ya dukani kwa mkwewe."

"Ilikuwa safi!" mzee akapaza sauti. "Niliionja mwenyewe! Haikutiwa kitu! Mimi naijua asali kabla hujazaliwa!"

"Ilikuwa safi, mzee wangu. Sibishi. Lakini nyuki walioitengeneza walikuwa wagonjwa. Vijidudu vya ugonjwa huu vinajificha ndani ya asali miaka na miaka. Mtu akiila haimdhuru. Mtoto wa nyuki akilishwa, anaozea kwenye kitundu chake. Na havina ladha. Hata mimi nisingevijua kwa kuonja." Akafuta kijiti chake kwenye nyasi, halafu akakumbuka, akakitia kwenye mfuko wa kukichoma. "Ungewapa ile sukari..."

"Malizia, mwanangu," mkewe akasema. "Usimwonee haya. Malizia."

Dada hakumalizia. Mzee angefurahi kama angemgombeza. Ule upole wake ndio uliomkera, upole wa watu wa hospitali wakishaona karatasi ya majibu.

Hakukuwa na dawa ya kutegemea. Mizinga miwili ya pembeni, ambayo ilikuwa dhaifu, ilibidi ichomwe moto, nyuki, masega, viunzi na vyote, kwenye shimo, kisha ifukiwe, la sivyo nyuki wa watu wengine wangekuja kuiba asali yake na kubeba ugonjwa kwao. Mzinga mkubwa ulikuwa bado na nyuki wengi. Huo, akasema dada, tunaweza kuujaribu. Kuwakung'uta nyuki wote pamoja na malkia wao kwenye sanduku jipya kabisa, bila sega, bila tone la asali yao. Wakae na njaa mpaka wamalize asali ya zamani waliyonayo matumboni. Kisha walishwe.

"Nini?" akauliza mzee, ingawa alijua.

"Sukari, mzee wangu."

Mkewe aligeuka akaenda jikoni haraka, na haikujulikana kama ni kucheka au kulia.

Meneja alikuja jioni, ameshika simu. Akasimama mbali, akauliza kama anaweza kupiga picha za video kidogo, watu wanapenda mambo ya nyuki.

"Weka simu. Chukua jembe," mzee akamwambia.

"Mimi baba? Mgongo wangu..."

"Ulikusanya asali ya watu huku na huku. Leo kusanya udongo. Chimba, na liwe refu kuliko wewe."

Akachimba. Jasho likamtoka mpaka suruali yake ya ofisini ikamganda. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa siku hizi tu. Alipomaliza, akasema kwa sauti ndogo kwamba makopo yaliyobaki dukani atayatoa uso. Mzee akamwambia uso si tatizo, aseme tu asali imetoka kwa nani na nani, dada akawakague. Meneja akakiri kwamba wengine yeye mwenyewe hawakumbuki.

"Hawakumbuki!" mzee akarudia, akaiambia mbingu. "Zamani mtu akikuuzia asali ulimjua mpaka mama yake!"

Jua lilipokuwa linazama na nyuki wote wameshaingia, waliziba milango ya mizinga miwili, wakaishusha shimoni, wakamwaga mafuta. Ile vuu! iliyotoka ndani haikunyamaza upesi. Mzee Taratibu aliwasha mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aguse. Nta ilishika ikanguruma. Kwa muda harufu ikawa nzuri ajabu, harufu ya asali na mishumaa, na jirani wa kushoto akachungulia juu ya ukuta kuuliza wanapika nini.

Sanduku jipya lilikuwa limeshapigwa randa. Wakawakung'uta nyuki wa baba yake ndani yake, penye viunzi vitupu, wakaanguka kwa fungu zito kama nafaka inayomiminwa, wakazagaa, wakaanza kutafutana. Masega na sanduku lao la zamani vikafuata motoni. Dada alifunga mlangoni kipande cha wavu chenye matundu ambayo kibarua anapenya, malkia hapenyi.

"Nyuki wetu wakikerwa huhama," akasema. "Malkia asipotoka, hawaendi popote. Usiutoe mpaka nirudi."

"Baba yangu hakuwahi kufunga nyuki."

"Najua, mzee wangu. Usiutoe."

Wakashinda na njaa kama alivyoelekeza. Mzee naye hakula vizuri. Alisukuma sahani kando, akakaripia kila kilichopita. Wakati ulipofika, alisimama jikoni mbele ya sufuria, mfuko wa sukari mkononi, kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

"Mimina," mkewe akasema. "Haikuumi."

"Taratibu, usinisukume."

"Nakusukuma na mwiko uko kwangu? Mimina, mume wangu."

Akamimina. Mkewe akakoroga. Wakasubiri ipoe, wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze hawakugombana. Alipoweka kisahani, nyuki waliinywa yote. Akaweka tena, wakainywa. Sega jipya likaanza kushuka kutoka juu ya viunzi, jeupe kama karatasi, upana wa kiganja. Akagonga ubavuni: vuu! kimya. Alirudi ndani akaomba chai.

Kitu kimoja tu kilimtesa. Mahali fulani, mbali na saruji, kulikuwa na ua lililochanua, kwa maana nyuki walianza kurudi wakiwa na chavua ya njano miguuni, ule unga wa maua wanaowalisha watoto wao. Na wakipenya kwenye wavu, chavua iliwapukutika. Kila mmoja alihangaika, akajibana, akaingia mikono mitupu, na nje ya mlango pakawa na rundo dogo la njano ambalo sisimizi walilibeba. Mzee alichuchumaa akalitazama. Wametoka kwenye kifo, wametembea mpaka Mungu anajua wapi, wamerudi na chakula cha watoto, na mlangoni kwao wenyewe wananyang'anywa.

"Upuuzi mtupu," akasema. Akachukua koleo, akang'oa misumari, akautoa wavu.

"Kasema mpaka arudi," mkewe akamkumbusha.

"Atarudi lini? Sega wameshajenga. Mtu hajengi nyumba akaihama."

Chavua ikaingia ndani yote siku hiyo, na kesho yake asubuhi pia. Mzee alikuwa karakana akipiga msasa mguu wa kiti aliposikia mvumo. Haukuwa ule wa kila siku. Ulikuwa mpana, unapanda, kama lori linalopanda mlima. Akafika nyuma ya nyumba na msasa bado mkononi. Mlango wa mzinga ulikuwa unamwaga nyuki kama bomba lililopasuka, na hewa yote juu ya kamba ya nguo ilikuwa imejaa, inazunguka, mkewe amesimama katikati na shuka mikononi, hagusi, hachomwi, anasema tu, "Taratibu jamani, taratibu."

Bumba zima likainuka juu ya ukuta. Mzee akanyakua sanduku tupu, akatoka nalo barabarani na ndala zake. Akawafuata akitazama juu, magari yakimpigia honi, fundi viatu akimuuliza anakimbizwa na nani. Karibu na kituo cha mafuta wakatua kwenye mlingoti wa taa, juu kabisa, wakaning'inia fungu moja jeusi linalopumua. Watu walishajaa, simu juu. Mmoja akasema waletewe moto. Mwingine akasema aitwe mtu wa dawa.

"Hakuna wa kuwagusa!" mzee akafoka, amelikumbatia sanduku. "Wameshiba, hawana ubaya na mtu! Ngazi! Nani ana ngazi ndefu?"

Meneja akatoka dukani mbio, akasema anaijua ngazi ilipo, kwa wachoraji wa mabango, akapotea nyuma ya jengo. Mzee akabaki chini ya mlingoti, shingo imemkaza. Alisema nao. Waliosimama karibu walisikia, baadaye wakasimulia kwamba alikuwa akiwatukana na kuwabembeleza kwa sentensi moja: kwamba ni wapumbavu, kwamba huko waendako hakuna maua, kwamba sukari bado ipo, ameshakoroga nyingine.

Ngazi ilitokea kwenye kona, Meneja ameshika mbele, mchoraji ameshika nyuma, wakibishana nani anamsukuma mwenzake. Ilikuwa bado upande wa pili wa barabara fungu lilipoanza kulegea kutoka chini, nyuki kwa nyuki, likafumuka lote. Walizunguka mlingoti mara moja, wakajipanga, wakapita juu ya paa la kituo cha mafuta, juu ya tangi la maji la jengo la ghorofa. Mara ya mwisho Mzee Taratibu alipowaona walikuwa kama moshi mwembamba, kisha kama vumbi lililomwingia jichoni. Akalifikicha jicho kwa mgongo wa mkono wenye unga wa mbao, na alipolifungua, juu ya tangi kulikuwa na anga tu.